Namna ya Kuchora Ua Unalolikumbuka: Mwongozo kwa Anayeanza

Anayekuja kujifunza kuchora maua kwangu hapa Moshi huja mara nyingi na simu iliyojaa picha: tulipu za Uholanzi, maua ya mcheri ya Japani, mawaridi yaliyopigwa picha chini ya taa za studio. Humwomba aiweke simu kando, si kwa sababu maua hayo hayafai kuchorwa, bali kwa sababu hana la kuyaeleza zaidi ya kwamba ni mazuri, na uzuri peke yake huuchosha mkono kabla picha haijafika nusu. Mchoraji anayeanza anahitaji ua lenye mwenyewe: ua la bibi, ua la njia ya shule, ua la kaburini kwa mzazi. Ua la namna hiyo humrudisha mtu mezani hata baada ya karatasi tatu kuharibika.

Mwongozo huu unahusu kulichora ua la aina hiyo kwa rangi za maji, tangu kulichagua hadi kuitundika picha ukutani. Nimeuandika kwa anayeanza, ingawa aliyekwisha kuizoea brashi anaweza kwenda moja kwa moja hadi sehemu ya rangi ya zambarau na ile ya ua jeupe, kwani huko ndiko wengi wetu tunakokwama. Neno moja ningependa lieleweke mapema: kumbukumbu hukuonyesha ua lipi la kuchora, lakini jicho ndilo linalochora. Anayetegemea kumbukumbu tupu hutoa ua la mfano, lenye petali tano zilizolingana kama zimekatwa kwa mkasi. Anayetegemea jicho tupu hutoa mchoro wa kitabu cha baiolojia. Kazi yetu ni kuvikalisha vyote viwili meza moja.

Hatua ya kwanza: andika kabla ya kuchora

Chukua nusu karatasi na kalamu, na uandike kwa sentensi za kawaida unachokikumbuka kuhusu ua ulilolichagua. Ulikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, nani alikuwa karibu, mkono wako ulikuwa umeshika nini, ardhi ilikuwa kavu au mbichi. Usitafute maneno mazuri. Kisha, kama ua hilo linapatikana, linuse kabla hujaendelea kuandika. Harufu ina njia yake katika ubongo: habari zake hufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazohusika na hisia na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kituo ambacho habari za macho na masikio hupitia, na ndiyo sababu harufu ya dakika moja huweza kumrudisha mtu mzima kwenye uwanja wa nyumba aliyoihama akiwa mtoto. Nimewaona watu wakiandika mistari miwili mikavu, wakanusa, kisha wakajaza ukurasa.

Nitoe mfano wangu. Bibi yangu aliishi Kibosho, na kwenye njia ya kuingilia kwake palikuwa na mjakaranda mkubwa ambao, kila vuli, ulimwaga maua hadi udongo haukuonekana. Bibi aliufagia uwanja wote kila alfajiri, lakini chini ya mti ule hakufagia. Aliacha duara la zambarau, na sisi wajukuu tulikatazwa kulivuruga. Siku moja nililikanyaga pekupeku. Ndani ya ua lililoanguka mlikuwa na nyuki, naye akanichoma chini ya kidole gumba. Bibi alinikalisha kwenye kigoda, akanisugulia kitunguu, akaniambia, "Ua likianguka, mjukuu wangu, halijaisha kazi. Tazama ndani kwanza." Nilipoanza kulichora ua hilo, miaka mingi baadaye, sikuwa nimepanga kuchora koo lake, nusu karatasi niliyoiandika ndiyo iliyonielekeza kwamba picha ilikuwa mle ndani, mahali nyuki alipokuwa.

Tafuta hicho katika maandishi yako: kitu kimoja kidogo, chenye mahali pake, ambacho picha itakizunguka. Kipigie mstari.

Hatua ya pili: jua msimu wa ua lako

Ua halimsubiri mchoraji. Mijakaranda ya Moshi na Arusha huchanua zaidi Oktoba na Novemba, mara nyingi kabla majani hayajarudi vizuri, kwa hiyo mti mzima huwa rangi moja. Mikrismasi hufuata, ikawa myekundu kuelekea Desemba, wakati mabasi kutoka Dar es Salaam yanapowaleta watu nyumbani kwa sikukuu. Kwa Wachaga wengi waliokulia mbali, wekundu ule kando ya barabara ndio dalili ya kwanza kwamba safari inaelekea mwisho. Bogenvilia hupendeza zaidi wakati wa ukame. Waridi la uani, likimwagiliwa, huchanua karibu mwaka mzima.

Ua la mbuni ndilo lenye haraka kuliko yote. Vichipukizi vyake hulala kwenye matawi wakati wa kiangazi, na mvua ya kutosha ikinyesha huamka, vikafunguka takriban siku saba hadi kumi baadaye, shamba zima kwa pamoja. Maua hayo hukaa siku mbili, pengine tatu, kisha yanageuka rangi ya kutu. Anayetaka kuyachora aiandike tarehe ya mvua na awe shambani mapema. Akisubiri mwisho wa juma anaweza kukuta yamekwisha.

Saa nazo zina maana. Mjini Moshi mimi hufanya kazi kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi. Baada ya hapo joto huikausha rangi kabla brashi haijamaliza kuitandaza, vivuli hufupika, na petali laini huanza kulegea.

Hatua ya tatu: vifaa

Hapa sitakawia, kwa sababu wanaoanza hutumia fedha nyingi mno kwenye vifaa na kidogo mno kwenye karatasi. Nunua karatasi nzito ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita mraba. Karatasi ya daftari la kuchorea la shule, au manila nyembamba, hujikunja ikilowa na rangi ikasimama madimbwi. Brashi mbili za duara zinatosha, moja nene na moja yenye ncha kali. Ongeza penseli ya HB, raba laini, sahani nyeupe ya udongo ya kuchanganyia rangi, mitungi miwili ya maji (mmoja wa kuoshea brashi, mmoja wa maji safi), na kitambaa cha pamba. Kipande cha kanga kuukuu hunyonya maji kuliko karatasi yoyote ya kufutia.

Kuhusu rangi, sita zinatosha: njano moja, nyekundu yenye joto, majenta, bluu ya ultramarini, bluu inayoelekea kijani, na hudhurungi ya udongo uliochomwa. Kijani na zambarau tutazichanganya wenyewe. Asiye na uwezo wa kununua hizi zote asikate tamaa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na kwa miaka michache tu, kabla ya kufariki mwaka 1972, aliacha mtindo ambao leo unabeba jina lake na kuuzwa katika maduka mengi ya sanaa mjini Arusha.

Hatua ya nne: lifungue ua

Keti na ua dakika kumi bila kuchora. Lihesabu. Lizungushe. Kama yameanguka mengi, chukua moja ulipasue kwa wembe toka mdomoni hadi kwenye kikonyo, uone jinsi lilivyojengwa ndani. Hatua hii huonekana ya kupoteza muda, lakini ndiyo inayotenganisha ua la kweli na ua la mfano, kwa kuwa karibu kila ua tunalodhani tunalijua lina jambo ambalo hatujawahi kuliona.

Chukua bogenvilia inayofunika malango ya nyumba nyingi za Shanty Town, mtaa wa hapa Moshi. Kile kinachoitwa ua, chenye rangi kali, si ua. Ni majani matatu membamba yaliyogeuka rangi, na maua yenyewe ni vile virija vidogo vyeupe katikati, kimoja kwa kila jani. Mchoraji akilijua hilo huchora mishipa ya jani kwenye ile rangi ya waridi, na picha yake hupata ukavu wa karatasi ambao bogenvilia inao kweli. Chukua ua la mkrismasi. Petali zake ni tano, lakini hazifanani: nne ni nyekundu, na ya tano, ile inayosimama wima, ina weupe au unjano wenye michirizi myekundu kama kitambaa kilichochuja, na stameni zake, vile vijiti vyenye chavua, ni kumi, ndefu, zilizojipinda kuelekea juu. Ukiichora ile ya tano kama wenzake, aliyekulia chini ya mti huo atahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Ua la mjakaranda ni tarumbeta iliyobinyika kidogo, yenye midomo mitano: miwili juu, mitatu chini, na ule wa chini katikati umejitokeza kama ngazi ya kuingilia. Nje lina vinyweleo vifupi mno, ambavyo ukiliinua mbele ya jua huonekana kama ukungu kwenye ukingo wake. Koo ni jeupe, na kutoka kwenye weupe huo zambarau huanza taratibu. Ukitazama ndani kabisa utaona kijiti kirefu chenye manyoya, kirefu kuliko stameni zenyewe.

Hatua ya tano: mchoro wa penseli

Chora mwelekeo kwanza, petali baadaye. Kila ua lina mhimili, mstari usioonekana unaotoka kwenye kikonyo hadi katikati ya koo. Uweke huo kwa mkono mwepesi, kisha duara la mdomo lililolala kwa pembe unayoiona, ndipo ugawanye duara hilo kuwa petali. Usibonyeze penseli, kwani rangi ya maji ni kioo, na kila mstari mzito utaonekana chini yake daima. Ua likiwa kubwa kuliko ngumi yako kwenye karatasi, uko salama. Likiwa dogo kuliko hapo, brashi itashindwa kuingia.

Hatua ya sita: zambarau

Swali la kwanza ninaloulizwa kila Oktoba ni kwa nini zambarau ya mjakaranda inatoka kama matope. Jibu ni kwamba umechanganya bluu na nyekundu uliyofundishwa shuleni. Nyekundu yenye joto, ile ya pilipili iliyoiva, ina unjano ndani yake, na njano, bluu na nyekundu zikikutana hutoa hudhurungi. Zambarau safi inataka majenta, ambayo haina unjano, pamoja na ultramarini, ambayo nayo inaelekea upande wa zambarau badala ya kijani. Kama unanunua kwenye mirija, soma herufi ndogo zilizochapishwa ubavuni: ultramarini huandikwa PB29, na majenta au waridi imara huandikwa PV19. Majina ya rangi hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, lakini namba hizo hutaja chembe zenyewe za rangi, kwa hiyo ndizo za kuamini.

Sasa changanya zambarau tatu kwenye sahani yako: moja yenye bluu nyingi, moja ya katikati, moja yenye majenta nyingi, zote zikiwa na maji ya kutosha kiasi kwamba unaiona sahani kupitia rangi. Lowesha tarumbeta ya ua kwa maji safi, ukiacha koo likavu. Gusa upande wa kivulini kwa zambarau yenye bluu, upande wa jua kwa ile yenye majenta, na uziache zikutane zenyewe. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kurudi na brashi kusahihisha. Rangi iliyoanza kukauka ikiguswa tena huacha alama kama ya maji ya mboga yaliyokaukia mezani. Ondoa mkono. Subiri ikauke kabisa, gusa kwa mgongo wa kidole, na kama karatasi ingali baridi, haijakauka. Ndipo uweke tabaka la pili, kwenye mikunjo tu na mahali ambapo koo linazama.

Usichanganye kwa kutazama picha ya simu. Kamera za simu huivuta zambarau ya mjakaranda kuelekea bluu, na mchoraji anayezifuata hupata ua lisilokuwapo katika barabara yoyote ya Moshi. Okota ua, liweke juu ya karatasi nyeupe kando ya sahani, na ulinganishe.

Kuna jambo jingine kuhusu rangi hii ambalo nalipenda sana, na ambalo linafaa kwa yeyote ambaye kumbukumbu yake ni ya jioni. Giza linapoanza kuingia, jicho hupoteza nguvu ya kuona wekundu kabla ya kupoteza nguvu ya kuona bluu. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia (Ucheki ya leo), alilieleza hilo katika karne ya 19, na kila mtu aliyewahi kutembea chini ya mijakaranda baada ya jua kutua amelishuhudia: mkrismasi uliokuwa ukiwaka saa 10 alasiri unakuwa karibu mweusi, huku maua ya mjakaranda yakionekana kana kwamba yana mwanga wao wenyewe. Kwa hiyo, kama unamkumbuka mtu aliyekuwa akirudi kutoka sokoni magharibi, akipita juu ya maua yale, ongeza bluu katika zambarau, punguza kila kilicho chekundu kwenye picha hadi kiwe cha damu ya mzee, na uyaache maua yaliyo ardhini yawe mepesi kuliko yaliyo mtini.

Hatua ya saba: ua jeupe

Ua la mbuni ndilo mtihani wangu kwa kila mwanafunzi, na ndilo ua ambalo mimi mwenyewe nimelichora mara nyingi kuliko jingine. Katika rangi za maji hatupaki nyeupe. Nyeupe ni karatasi. Maana yake ni kwamba ua hili halipakwi rangi. Unapaka kila kisicho ua, na ua linabaki.

Anza kwa kuchagua tawi moja, usilikate. Kila ua la mbuni lililochavushwa ni tunda, na mwenye shamba hatakushukuru kwa picha iliyogharimu kahawa yake. Beba kigoda ukachore pale pale. Utaona majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, ya kijani kizito, yanayong'aa, yenye kingo za mawimbi, na kwenye kila kifundo ambapo majani yanakutana na tawi, maua yamejazana kama nyota zilizobanana, kila moja na ncha tano. Yale ambayo hayajafunguka husimama kama mishumaa midogo. Harufu yake ni kama ya asumini, na asubuhi isiyo na upepo hulijaza shamba zima, hata migomba inaonekana kunukia.

Chora kwa penseli umbo la nje la kishada chote, si ua moja moja. Kisha changanya kijani kizito: bluu inayoelekea kijani, njano, na tone la hudhurungi. Paka majani na giza lililo nyuma ya kishada, ukiingiza ncha ya brashi katikati ya zile nyota, ukichonga ukingo wa kila petali kwa giza lililo pembeni yake. Kazi hii huenda polepole. Kazi ya saa moja hutoa maua sita. Baada ya kukauka, ongeza vivuli ndani ya weupe, lakini viwe vyepesi kama pumzi: mchanganyiko wa ultramarini na hudhurungi ya udongo hutoa kijivu kinachokubali kuelekea upande wowote. Upande unaotazama anga uwe na bluu kidogo. Chini, karibu na majani, uwe na njano na kijani, kwa sababu ua jeupe huazima rangi za jirani zake. Acha angalau theluthi moja ya kishada ikiwa karatasi tupu. Mkono utakusihi uiguse. Usiiguse.

Nieleze kwa nini ua hili lina uzito kwangu. Kahawa iliingia katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vya Kilimanjaro kutoka kwa wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia wakati wa babu yangu ilikuwa ndiyo uti wa mgongo wa nyumba. Alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, na risiti za KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, alizitunza kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Asubuhi ya maua alituamsha mapema kuliko kawaida. Tulimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia "Marahaba" bila kutugeukia, akiwa amesimama kati ya mibuni na mikono nyuma, akitembea mstari kwa mstari akihesabu kwa macho. Kisha akatuonyesha kwa kidevu: "Ada zenu hizo." Hakutuambia ni nzuri. Mimi niliziona nyeupe hadi macho yaliuma, na hadi leo, ninapoacha ile theluthi ya karatasi ikiwa tupu, ninaiacha kwa ajili ya asubuhi ile.

Hatua ya nane: weka kitu kimoja kando ya ua

Rudi sasa kwenye ile nusu karatasi ya mwanzo na kile ulichokipigia mstari. Mara nyingi hicho ndicho kinachotakiwa kuonekana kando ya ua, kikiwa kidogo na kimechorwa kwa uchache: mdomo wa kopo la maziwa, pindo la kanga, mguu wa kigoda, jani la isale. Kimoja, si vitatu. Vikiwa vitatu mtazamaji huanza kusoma picha kama hadithi ya kitabu na kulisahau ua.

Isale linahitaji uangalifu. Kwa Wachaga jani hilo ni la mipaka ya kihamba na la kuombea msamaha. Anayeliweka kwenye picha ameweka neno zito, na wazee watalisoma. Mwanafunzi wangu mmoja alilichora kando ya waridi la mama yake, kwa sababu tu kijani chake kilimpendeza. Nilimuuliza kama kulikuwa na jambo kati yao. Alikaa kimya kwa muda, akaniambia lilikuwepo, na akaliacha jani pale alipoliweka.

Kama ua lenyewe halipo tena

Wengi wanaotaka kuchora ua la nyumbani hawana tena pa kulitazama. Mti umekatwa kupisha ukuta, kihamba kimegawanywa mara mbili na mara nne, mibuni imeng'olewa. Katika hali hiyo tafuta kwanza ua la aina hiyo hiyo mahali pengine, ulichore kwa makini kama mazoezi, mara tatu au nne, mpaka mkono ulijue bila kuuliza. Pili, nenda kwa mtu mwingine aliyelijua ua lile, hasa aliye mkubwa kwako, ukamwulize maswali madogo: lilikuwa upande gani wa mlango, tawi lilifika dirishani au halikufika, lilimwagiliwa kwa chombo gani. Usimwulize kama lilikuwa zuri. Shangazi yangu, ambaye hapendi kuzungumza habari za zamani, alizungumza saa nzima nilipomuuliza maji ya waridi la bibi yalichotwa wapi. Yalichotwa kwenye mfereji, kwa kata, jioni, na bibi alimwagilia upande mmoja tu, wa nyumba, ndiyo maana lile waridi liliinamia ukutani. Nilikuwa nimelichora likiwa wima kwa miaka.

Hatua ya mwisho: kuitunza picha

Waridi hilo ndilo lililonifundisha pia kuhusu rangi zinazokufa. Picha yake ya kwanza niliipaka kwa rangi ya waridi yenye mng'ao mkali niliyoinunua katika duka moja la vifaa vya shule, bila kusoma chochote kwenye mrija, nikaitundika mkabala na dirisha. Kabla mwaka haujaisha petali zilikuwa zimebaki kivuli tu cha kijivu, majani yakiwa mazima kabisa. Rangi nyingi za waridi zenye mng'ao wa namna hiyo hazivumilii mwanga, hata zikiwa za bei kubwa.

Zijaribu rangi zako kabla hujaziamini. Paka kila rangi mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi, funika nusu ya mistari yote kwa kadibodi nyeusi, na ukibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua kwa miezi mitatu. Ukiifunua kadibodi, linganisha nusu mbili. Ile iliyofifia iondoe kwenye sanduku lako, hata kama uliipenda.

Picha iliyokamilika iwekwe nyuma ya kioo, pakiwa na fremu ya karatasi nene kati ya kioo na picha ili visigusane, kwa sababu wakati wa masika unyevu hujikusanya ndani ya kioo na karatasi iliyogusana nacho huota madoa ya ukungu. Fungia nyuma kwa karatasi na gundi ili vumbi la kiangazi lisipenye. Kabla ya kuifunga, andika kwa penseli, nyuma ya picha, jina la ua, mahali, mwezi na mwaka, na jina la yule ambaye ua ni lake. Wino hupenya karatasi baada ya miaka, penseli haipenyi.

Itundike ukuta usiofikiwa na jua la moja kwa moja wakati wowote wa siku. Zangu mbili, duara la mjakaranda na kishada cha mbuni, ziko kwenye korido ya kwenda jikoni, ambako hakuna dirisha, na huwa ninaziwashia taa ninapopita.